Omar al-Mukhtar hakupigana peke yake

Mwanafunzi wa historia ya Afrika anapofika kwenye mlango wa upinzani dhidi ya ukoloni, hukutana na majina mengi kwa haraka: Samori Toure, Menelik, Kinjikitile, Koitalel, Lobengula. Iwapo mwalimu wake ana wakati wa ziada, huenda akaongeza jina la Omar al-Mukhtar wa Libya. Ataeleza kwamba mzee huyo alipigana na Waitaliano kwa miaka ishirini, akakamatwa, akanyongwa. Kisha ubao utafutwa na kipindi kitakwisha.

Maelezo hayo si ya uongo. Hata hivyo, nionavyo mimi, yamepungukiwa na jambo lililo kubwa kuliko yote. Yanamtaja simba bila kuutaja mwitu uliomficha, ilhali ni mwitu huo ambao mkoloni aliamua kuuteketeza. Leo nataka nisimulie maisha ya mzee huyu kwa utaratibu, kisha niseme kwa nini naamini kwamba shujaa akisimuliwa peke yake, dhulma waliyotendewa watu wake hupata mahali pa kujificha.

Omar al-Mukhtar alizaliwa kati ya mwaka wa 1858 na 1862 huko Cyrenaica, jimbo la mashariki mwa Libya, katika nyika za karibu na Tobruk. Kabila lake lilikuwa la Minifa. Babake alifariki akiwa safarini kwenda Makka kuhiji, na kijana Omar akalelewa na sheikh mmoja aliyechukua dhamana ya kumsomesha. Baada ya masomo ya awali alipelekwa kwenye oasisi ya Jaghbub, karibu na mpaka wa Misri, palipokuwa na chuo kikubwa cha tarika ya Sanusiyya. Huko alisoma kwa takribani miaka minane.

Tarika hiyo iliasisiwa mwaka wa 1837 na Muhammad bin Ali al-Sanusi, mwanachuoni mzaliwa wa Algeria. Ilienea Cyrenaica kwa njia ya zawia. Msomaji asidhani kwamba zawia ilikuwa msikiti tu. Ilikuwa madrasa, nyumba ya wageni, ghala la chakula, shamba, na baraza la kusuluhisha magomvi ya makabila juu ya visima na malisho. Sheikh wa zawia alikuwa mwalimu, kadhi na mpatanishi kwa wakati mmoja. Mahali ambapo serikali ya Waturuki ilijulikana kwa kodi pekee, zawia ndiyo iliyowaunganisha watu.

Mwaka wa 1897 Omar alifanywa sheikh wa zawia ya al-Qusur, katika Jabal Akhdar, yaani Mlima wa Kijani. Baadaye wakuu wa tarika walimpeleka Chad, ambako Wasanusi walikuwa wakipambana na Wafaransa waliokuwa wakisonga mbele kutoka kusini. Huko alijifunza vita, kisha akarejea al-Qusur kuendelea na kazi yake ya ualimu. Kwa hivyo, Waitaliano walipotia nanga katika pwani ya Libya walimkuta mwalimu wa miaka hamsini hivi, mtu wa vitabu, mwenye kuvaa miwani. Walimu wenzangu, hilo tulitie akilini. Mtu huyu hakuwa mwanajeshi kwa taaluma.

Italia ilikuwa imechelewa kwenye karamu ya kugawana Afrika. Ilikuwa imeshindwa na Menelik pale Adowa mwaka wa 1896, na fedheha hiyo haikuwa imewatoka wakuu wake. Mwezi Septemba mwaka wa 1911 ilitangaza vita dhidi ya dola ya Uturuki ili kuitwaa Libya. Ni katika vita hivyo, tarehe 1 Novemba 1911, ambapo bomu lilitupwa kutoka kwenye ndege kwa mara ya kwanza katika historia. Waturuki walisalimu amri kwa mkataba mwezi Oktoba 1912, wakaondoka. Wenyeji hawakuulizwa, na wenyeji hawakukubali.

Miaka kumi iliyofuata ilikuwa ya vita na mapatano. Italia ilishughulishwa na Vita Vikuu vya Kwanza, na katika mwaka wa 1917 na wa 1920 ilitiliana mikataba na kiongozi wa Wasanusi, Muhammad Idris. Mambo yalibadilika mwezi Oktoba 1922, Mussolini na mafashisti wake waliposhika hatamu. Wao hawakutaka mapatano na mtu waliyemhesabu kuwa mtumwa. Idris alikimbilia Misri mwishoni mwa mwaka huo. Mwaka wa 1923 mikataba ilitupiliwa mbali na vita vikaanza upya, na uongozi wa vita hivyo ndani ya nchi ukamwangukia Omar al-Mukhtar, akiwa amekwisha kupita miaka sitini.

Wengi humwita Simba wa Jangwani, ingawa ngome yake hasa haikuwa jangwa bali Jabal Akhdar, nchi ya mvua, miti, mabonde na mapango. Wapiganaji wake wa kudumu walikuwa mamia tu, na hata walipoongezeka hawakuwa wengi. Dhidi yao kulikuwa na maelfu ya askari wenye magari ya deraya, redio na ndege. Wengi miongoni mwa askari hao walikuwa Waafrika waliotolewa Eritrea, koloni jingine la Italia. Mkoloni alipiga Afrika kwa mkono wa Afrika, desturi ambayo sisi pia tunaijua.

Je, watu wachache hivyo walidumu vipi kwa karibu miaka tisa? Jibu la swali hili ndilo kiini cha makala yangu. Wapiganaji waligawanywa katika vikosi, na kila kikosi kilisimama juu ya kabila lake. Kabila lilitoa vijana, na kijana alipofariki lilitoa mwingine. Lilitoa ngamia, shayiri na habari. Zaka na ushuru zilikusanywa kwa ajili ya vita. Hata wale waliokuwa wamejisalimisha kwa Waitaliano, waliopiga kambi chini ya ngome zao na kupokea ulinzi wao, walikuwa mchana raia watiifu na usiku walezi wa wapiganaji. Bunduki ambayo Waitaliano waliitoa asubuhi kwa ajili ya ulinzi ingeweza kusikika jioni kutoka upande wa pili. Cyrenaica ilikuwa na serikali mbili, ya mchana na ya usiku, na ile ya usiku ndiyo iliyotiiwa kwa hiari. Mtu ni watu, walisema wazee wetu. Omar al-Mukhtar alikuwa ni watu hao.

Mwaka wa 1929 pande mbili zilikutana kwa mazungumzo. Marshal Pietro Badoglio, gavana mpya, alitaka usitishaji wa vita, na kwa muda wa miezi kadhaa mapigano yalipoa. Waitaliano waliutangazia ulimwengu kwamba mzee ametii. Mzee alikanusha, na kabla ya mwaka kwisha vita vilikuwa vimerudi.

Mwezi Machi 1930 aliletwa Jenerali Rodolfo Graziani. Huyu alifahamu jambo ambalo baadhi ya vitabu vyetu havijalifahamu hadi leo: kwamba Omar al-Mukhtar hakuwa peke yake. Basi hakuona haja ya kumfuata milimani. Aliwafuata watu. Kwanza alifunga zawia zote, akataifisha mashamba na mali zake, na masheikh wake wakasafirishwa hadi kisiwa cha Ustica nchini Italia. Kwa maneno mengine, vita vyake vilianza kwa kufunga shule na kuhamisha walimu. Kisha akaunda mahakama ya kuruka, majaji waliosafirishwa kwa ndege hadi penye mshukiwa, wakamhukumu papo hapo na kumuua mbele ya jamaa zake.

Yaliyofuata ni mazito zaidi. Mwezi Juni 1930 Badoglio alimwandikia Graziani kwamba raia ni lazima watenganishwe na wapiganaji, na kwamba njia hiyo itafuatwa hadi mwisho hata ikiwa watu wote wa Cyrenaica wataangamia. Wakazi wa Jabal Akhdar na nyika za jirani, wanaokadiriwa kuwa 100,000 hivi, karibu nusu ya watu wote wa jimbo, waling'olewa makwao. Wanaume, wanawake, watoto na vikongwe waliswagwa pamoja na mifugo yao, wengine mamia ya kilomita, hadi kwenye kambi zilizozungushiwa seng'enge katika nchi kame ya pwani: Soluch, al-Magrun, Marsa Brega, al-Agheila. Aliyeshindwa kutembea njiani alipigwa risasi au kuachwa. Ndani ya seng'enge hapakuwa na malisho, kwa hiyo mifugo ilikufa; na mfugaji asiye na mfugo hana maziwa, hana nyama, hana mavazi wala hema. Njaa, homa ya matumbo na vipigo vilifanya kazi iliyobaki. Kambi zilipofungwa katika miaka ya 1933 na 1934, maelfu kwa maelfu walikuwa makaburini. Wanahistoria hutofautiana katika hesabu. Wengi hutaja watu wasiopungua 40,000, na wengine huvuka 60,000.

Mwaka wa 1931 Graziani alikamilisha kazi kwa ua wa seng'enge wa kilomita zipatazo 270, kutoka Bardia pwani hadi Jaghbub, ili kuikata njia ya Misri ambako bidhaa na msaada zilitoka. Mwezi Januari mwaka huohuo oasisi ya Kufra, makao ya Wasanusi kusini kabisa, ilikuwa imekwisha kutekwa. Mzee alibaki milimani na wenzake wachache, bila watu wa kuwalisha, bila njia ya kutokea. Tayari miwani yake ilikuwa imeokotwa baada ya pigano moja mwaka uliotangulia na kupelekwa kwa Graziani kama nyara.

Tarehe 11 Septemba 1931 farasi wake alipigwa risasi karibu na Slonta, na Omar al-Mukhtar akakamatwa akiwa na jeraha. Alipelekwa Benghazi akiwa amefungwa pingu na minyororo, mzee wa zaidi ya miaka sabini. Kesi yake ilisikilizwa tarehe 15 Septemba kwa muda mfupi usiozidi saa chache. Alishtakiwa kama mwasi, naye hoja yake ilikuwa kwamba hakupata kuitii Italia, na asiyetii hawezi kuasi. Hukumu ilikuwa imekwisha kuandaliwa. Asubuhi ya tarehe 16 Septemba alinyongwa.

Naomba msomaji atazame mahali aliponyongewa. Hakunyongewa katika uwanja wa Benghazi wala ndani ya gereza. Alinyongewa Soluch, katika kambi, na watu wapatao 20,000 waliletwa kwa nguvu kushuhudia. Mkoloni alijua vyema kamba ile ilikuwa ya nani. Alikuwa akiwanyonga watu 20,000 kwa shingo ya mmoja.

Miezi michache baadaye, Januari 1932, Badoglio alitangaza kwamba uasi umekwisha. Ardhi iliyoachwa wazi ilipata wenyewe wapya. Mwezi Oktoba 1938 Italia ilisafirisha walowezi wapatao 20,000 kwa mkupuo mmoja kuja Libya, na wengi wao walipewa nyumba na mashamba ya Jabal Akhdar. Hapo ndipo sababu ya yote yaliyotangulia ilipojionyesha bila kificho.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuna udhuru wa kuyasoma haya kama mambo ya mbali. Graziani yuleyule alihamia upande wetu. Aliongoza majeshi ya Italia kutoka Somalia kuivamia Ethiopia mwaka wa 1935, na akiwa mtawala wa Addis Ababa mwezi Februari 1937 aliponusurika kuuawa, maelfu ya wakazi wa mji huo walichinjwa kwa siku tatu. Mwezi Mei mwaka huo mamia ya watawa wa Debre Libanos waliuawa kwa amri yake. Na hapa kwetu Kenya, ingawa bendera ilikuwa ya Uingereza, mkoloni aliyepambana na Mau Mau katika miaka ya 1950 alitumia elimu iyo hiyo: zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kwa nguvu na kutiwa katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na seng'enge, ili Dedan Kimathi na wenzake wakose chakula msituni. Kimathi alikamatwa Oktoba 1956, akanyongwa Februari 1957. Sisi nasi twamkumbuka Kimathi kuliko tunavyowakumbuka akina mama waliochimba mitaro ile.

Je, baada ya uhuru ilikuwaje? Libya ilijitawala tarehe 24 Desemba 1951, na Idris aliyerejea kutoka Misri akawa mfalme. Mwaka wa 1969 Muammar Gaddafi alimpindua. Watawala hao walitofautiana kwa mengi, lakini kila mmoja alimhitaji marehemu. Sura ya mzee ilichapishwa kwenye noti ya dinari 10. Serikali ya Gaddafi ilitoa fedha za kutengeneza filamu kubwa juu yake, iliyotoka mwaka wa 1981, ambayo Italia iliipiga marufuku kwa miaka mingi. Gaddafi alipozuru Roma mwezi Juni 2009 alibandika kwenye kifua cha gwanda lake picha ya mzee akiwa katika minyororo. Mwaka wa 2011 wananchi wa Benghazi walipoinuka dhidi ya Gaddafi huyohuyo, walibeba picha ya mzee huyohuyo.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Mtu mmoja aliyekufa ni rahisi kubandikwa kifuani. Hana sauti ya kukataa. Maiti 40,000 hawabandikiki. Wakitajwa, huuliza maswali: nani alitupa jangwani, nani alichukua ardhi, nani aliadhibiwa? Na maswali hayo hayampendezi mkoloni wa zamani wala mtawala wa leo.

Tazama yaliyotokea. Tarehe 30 Agosti 2008 Italia na Libya zilitia sahihi mkataba wa urafiki mjini Benghazi. Italia iliomba radhi na kuahidi dola bilioni 5 katika muda wa miaka 20. Lilikuwa jambo la kusifiwa, kwani ni nadra dola ya Ulaya kutamka hivyo. Lakini ndani ya mkataba uo huo Libya ilikubali kushirikiana kuzuia boti za wahamiaji, na mwaka wa 2009 Waafrika waliokamatwa baharini walianza kurudishwa Libya na kutiwa vizuizini. Radhi iliombwa kwa ajili ya seng'enge za zamani, na mkono huohuo ukatia sahihi kwa ajili ya seng'enge mpya. Laiti kambi za Soluch na al-Agheila zingekuwa hai katika kumbukumbu za watu kama alivyo shujaa wao, nadhani biashara hiyo isingefanyika kirahisi vile.

Na Graziani? Hakushtakiwa hata siku moja kwa ajili ya Libya wala Ethiopia. Mahakama ya Italia ilimhukumu mwaka wa 1950 kwa kushirikiana na Wajerumani, akaachiliwa baada ya miezi michache, akafa mwaka wa 1955. Mwaka wa 2012 kijiji cha Affile nchini Italia kilimzindulia mnara wa ukumbusho.

Hata hivyo watu wa kambini hawakungoja serikali iwakumbuke. Rajab Buhwaish, mshairi wa kabila la Minifa, kabila la Omar mwenyewe, alitunga akiwa ndani ya kambi ya al-Agheila shairi refu la kuorodhesha madhila ya kila siku, na Walibya wengi wakalihifadhi kwa moyo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Libya walianza kurekodi simulizi za walionusurika, na mwaka wa 2020 mwanazuoni Ali Abdullatif Ahmida alichapisha kitabu kilichojengwa juu ya simulizi za namna hiyo. Sisi wenye jadi ya utenzi hatuwezi kulistaajabia jambo hilo. Tunafahamu kutokana na tenzi za vita vya Wajerumani na vya Maji Maji kwamba shairi laweza kuhifadhi kile ambacho faili la mkoloni limekificha.

Basi nawaomba walimu wa historia na wa Kiswahili waufundishe upinzani kwa namna nyingine. Siku ya kulitaja jina la Omar al-Mukhtar, yaandikwe ubaoni kando yake majina ya kambi nne nilizozitaja, na wanafunzi waulizwe kwa nini jeshi lenye ndege liliona ni lazima kuwafungia watoto ili kumkamata mzee mmoja. Siku ya Kimathi, watumwe nyumbani wakawaulize mababu na nyanya waliosalia kuhusu maisha ya kijijini ndani ya mtaro, na waandike wanachoambiwa kabla wenye habari hawajaondoka. Wazee hao wanapungua kila mwaka, na hakuna mtihani unaotahini walichokiona.

Wahenga walituachia agizo kwamba mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Omar al-Mukhtar amekwisha kupewa sehemu ya haki yake: ana noti, filamu na barabara. Wale 20,000 waliosimamishwa juani Soluch kumtazama akinyongwa, na wenzao waliokuwa wamekwisha kuzikwa mchangani, bado wanaidai yao, na mahali pa kwanza pa kuwalipa ni darasani.